Usiku tumeuziba, mchana bado uko wazi: shajara ya mradi wa maboma, Simanjiro

Oktoba 2023

Kazi ya wiki hii ni nguzo za kuta za mazizi, za kuzuia simba na fisi wasifikie mifugo usiku. Tunakata matawi manene ya miti ya jamii ya manemane, ile ambayo wataalamu wa mimea wanaiita Commiphora, na wakati wake ni huu wa mwisho wa kiangazi, mti ukiwa hauna majani. Tawi linalofaa halikamatiki kwa kiganja kimoja na urefu wake unampita mtu mzima. Linaachwa kivulini siku chache jeraha likauke, halafu linachimbiwa. Mvua ikilikuta ardhini linachipua. Misimu michache mbele nguzo zinakuwa miti, matawi yanasukana na wavu wa waya, na zizi linapata ukuta unaoota wenyewe.

Watu wanauliza kwa nini tusitumie nguzo za kawaida. Jibu ni mchwa. Nguzo iliyokufa huku haidumu, ikioza inakatwa nyingine, na miti yenyewe inazidi kuwa mbali. Ukuta wa miiba ya mgunga una taabu hiyohiyo: unakauka, unabomoka, na kila mara akina mama wanarudi porini na shoka kuburuta matawi mapya. Nimesikia mradi huu ukiitwa mradi wa simba. Ukiwauliza akina yeyo, yaani akina mama wa Kimasai, watakuambia ni mradi wa kuacha kuburuta miiba, na sioni kwa nini wao ndio wawe wamekosea.

Wazo si letu. Tumelichukua kwa Tanzania People and Wildlife, shirika lenye kituo chake Loibor Siret, humu humu wilayani Simanjiro, mkoa wa Manyara. Mwaka 2015 waanzilishi wake walichapisha matokeo ya maboma waliyokuwa wakiyafuatilia: mashambulizi ya usiku yalizuiwa kwa zaidi ya asilimia 99. Sisi tunapeleka kitu kilekile kwenye vitongoji ambavyo havijafikiwa.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui kuhusu simba na zizi la ng'ombe. Simba si lazima aruke ukuta. Anazunguka upande unakotoka upepo, ng'ombe wakipata harufu yake wanapagawa, wanausukuma ukuta kutoka ndani, wanamwagika nje gizani, na hapo ndipo anapochagua. Kwa hiyo kwa ng'ombe kazi kubwa ya wavu ni kuwazuia wao wenyewe wasitoke. Kwa mbuzi na kondoo habari ni nyingine. Kule adui ni fisi, na fisi anaingia kwa kuchimba au kupenya.

Makubaliano na kila mwenye boma yameandikwa. Robo ya bei ya wavu anatoa yeye, nguzo zote anakata yeye, ukarabati ni wake. Mzee mmoja alilalamika kikaoni kwamba wafadhili wana hela, kwa nini atozwe yeye. Laigwanani, kiongozi wa kimila wa Kimasai, akamjibu kwamba ng'ombe ni wa mzee, si wa mfadhili, na kikao kikaingia ajenda ya pili.

Novemba 2023

Mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilionya mapema kuhusu El Niño na haikukosea. Makorongo yamejaa, lori la wavu limekwama upande usio wetu, na bodaboda wanatoza wanavyotaka. Habari njema ni kwamba nguzo za Oktoba zimeanza kutoa majani.

Kwetu masika na vuli ndio wakati wa hatari, kinyume na wanavyodhani watu wa mjini. Kiangazi wanyama wengi wanakuwa wamejikusanya Tarangire, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, kilomita za mraba zipatazo 2,850, kwa sababu ya mto. Mvua ikishuka, nyumbu na pundamilia wanatoka kuja kwenye tambarare za Simanjiro, kwenye nyasi zenye madini, kuzaa. Hakuna uzio kati ya hifadhi na vijiji, na ukiwekwa, uhamaji huo unakufa na hifadhi yenyewe nayo inakufa polepole. Simba na fisi wanafuata chakula chao, na chakula kimekuja kulala jirani na ng'ombe wetu.

Juzi boma moja la miiba, ambalo bado liko kwenye orodha ya kusubiri, liliingiliwa upande wa mbuzi na kondoo. Tulipofika asubuhi watu walikuwa wameshaamua kuwa ni simba. Mwenzangu, askari wa wanyamapori wa kijiji, hakubishana na mtu. Alisalimia wazee, akaomba watazamaji wabaki pale walipo, akaanza kuzunguka nje ya ukuta.

Naandika hapa anachokitafuta, kwa ajili ya vijana wapya wa mradi. Wayo wa simba ni mpana na hauna alama za kucha, maana kucha zinarudi ndani. Wayo wa fisi una kucha, na wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Simba anaua kwa kubana shingo au pua, na mgongoni anaacha mikwaruzo mirefu. Chui anabana koo la mbuzi na kuondoka naye, pengine hadi juu ya mti. Fisi hana subira ya kuua kwanza. Anang'ata kuanzia nyuma, kwenye tumbo au kiwele, na kwa kuwa anavunja hata mifupa, mara nyingi asubuhi huna mzoga wa kuchunguza, una damu na kwato. Akiwa katikati ya mbuzi waliofungiwa mahali pamoja anaua zaidi ya anachoweza kula. Na usimalize bila kukagua chini ya ukuta.

Chini ya ukuta kulikuwa na shimo. Fisi.

Mwenye boma hakufurahi, na sababu naielewa. Ukisema simba, maafisa wanakuja, redio inatangaza, jirani anakuhurumia. Ukisema fisi, watu wanacheka. Lakini kwenye daftari letu jina la fisi linarudi kuliko jina lingine lolote. Hakuna mtalii anayelipia kumwona yeye, hakuna morani anayejisifia kumuua, na nadhani ndiyo maana hasara anayoleta haina msemaji.

Desemba 2023

Tarehe 3 maporomoko ya tope yaliikumba Katesh, mkoani kwetu, chini ya Mlima Hanang. Wenzetu kadhaa wana ndugu huko. Kazi ilisimama na gari la mradi lilikwenda kubeba mablanketi na maji.

Mwishoni mwa mwezi nilikuwa na bando la kutosha kufuatilia habari ya Colorado, Marekani. Tarehe 18 jimbo hilo lilianza kuachia mbwa mwitu wa kijivu (wale Wazungu wanaowaita wolf, si mbwa mwitu wa huku kwetu) waliokamatwa Oregon, na kabla ya Krismasi walikuwa kumi. Walioamua ni wapiga kura, katika kura ya mwaka 2020 iliyopita kwa tofauti ndogo sana, huku wafugaji wengi wa upande wa magharibi, ambako wanyama wangeachiwa, wakipinga. Fidia ya mfugo mmoja aliyeuliwa inaweza kufika dola 15,000.

Niliwasomea wazee habari hii kwenye simu. Nilitarajia mjadala wa zile dola. Laigwanani akauliza kwanza ng'ombe wa watu hao wanalala wapi usiku. Nikamwambia wengi wanalala hukohuko malishoni, hawana zizi, na mara nyingi hakuna mtu karibu. Mzee aliyekaa pembeni yake akafikiri, kisha akasema, "Basi hao hawachungi. Wanaweka tu."

Januari 2024

Malango, malango, malango. Ukuta mzuri, mlango tawi la mgunga. Fundi sasa anatengeneza fremu za mbao zinazopigiliwa bati la mapipa yaliyokunjuliwa, na chini tunapanga mawe makubwa. Kila boma lina mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye wa kufunga, na wazee wameona afadhali awe mama kuliko kijana.

Kwa maboma yanayosubiri wavu tumeweka taa za sola zinazowakawaka. Huu nao ni ubunifu wa nyumbani: Richard Turere, mtoto wa Kitengela pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alitengeneza za kwake akiwa na miaka 11. Shida ya taa ni kwamba mnyama anajifunza. Ukiiacha mahali pamoja na kwa mtindo mmoja, siku moja atapita chini yake. Tunazihamisha.

Machi 2024

Hili limechukua mwezi mzima na bado halijaniisha.

Simba waliua maksai na mtamba wa mzee mmoja kando ya korongo, mchana kweupe. Boma lake lina ukuta wetu, umeota vizuri, tumeupigia picha ya ripoti. Jioni vijana walikuwa wameshakusanyika. Mikuki ilikuwepo, lakini mikuki haikunitisha sana. Nilichokuwa nakiogopa ni ule unga wa zambarau wa kuua wadudu shambani, carbofuran, ambao mtu yeyote anaweza kuupaka kwenye mzoga akarudi kulala. Mkuki unamtaka mtu awe jasiri na unaua mmoja. Sumu inaua kila kinachokuja kula, na anayeuawa wa kwanza huenda si yule aliyekosa. Februari 2018, jirani na Ruaha, waliokotwa simba sita na tai 74 waliokufa kwa sumu. Tai wakiisha, mizoga inakaa, na fisi wanaongezeka.

Wazee walikuwa bado wanakumbuka habari ya Mei 2023 upande wa Kenya, eneo la Amboseli, ambako simba kumi waliuawa ndani ya takribani wiki moja. Sita kati yao waliuawa siku moja Mbirikani baada ya kuua mbuzi. Mwingine alikuwa Loonkiito, dume wa miaka 19, umri ambao simba wa porini huufikia kwa nadra mno. Huko kuna walinzi wa simba, kuna mfuko wa fidia, kuna watafiti kwa miaka mingi, na bado ilitokea. Nalitaja hili kwa sababu kila mara mfadhili anapotuuliza lini tatizo litakuwa limekwisha, natamani nimwelekeze huko.

Usiku ule laigwanani alikaa na vijana mpaka alfajiri. Sikuwepo kwenye kikao chao na sikupaswa kuwepo. Ninachojua ni matokeo: mizoga ilichomwa moto mbele ya mashahidi ili isiwe chambo, ukoo wa mzee ukachanga mtamba, rika la vijana likapewa kazi ya kufuatilia nyayo za simba wale na kutoa taarifa kwa simu wakisogea karibu na malisho. Mkuki haukurushwa. Watu wa maliasili walikuja siku ya pili, wakaandika, wakaondoka.

Mzee mwenyewe nilimfuata baadaye kumpa pole. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za nyumbani kwa utaratibu wote, kisha akaniambia, "Mwanangu, ukuta wenu ni mzuri. Lakini mlinijengea wa usiku. Simba alikuja saa nane mchana."

Aprili 2024

Nimekaa na daftari la matukio siku nzima, ukurasa kwa ukurasa, na mzee yuko sahihi. Katika maboma yenye ukuta, hasara ya usiku karibu imekwisha, na pale ilipotokea lilikuwa lango lililoachwa wazi. Hasara iliyobaki imegawanyika mara mbili: wanyama wanaouawa wakiwa wanachungwa, na wanyama wanaolala nje kwa sababu walipotea jioni. Kundi la pili ndilo kubwa. Ng'ombe aliyepotea anakuwa peke yake, gizani, bila kelele za watu wala mbwa. Huyo ameliwa zamani kabla mtu hajaanza kumtafuta.

Kwa nini wanapotea? Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kuandika kwenye ripoti. Zamani mifugo ilikwenda na vijana wakubwa wanaojua kila ng'ombe kwa rangi na jina. Vijana hao sasa ni walinzi Arusha na Dar es Salaam, au wako Mirerani wakihangaika na tanzanite. (Wilaya hii tayari ina ukuta mashuhuri, ule wa kilomita zaidi ya 24 uliojengwa mwaka 2018 kuzunguka migodi. Wa mbuzi ndio tunaouomba kwa barua.) Layoni, yaani wavulana wadogo wanaowafuata kwa umri, wako shule, na tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 ni wengi zaidi, jambo ambalo hakuna mwenye akili atalipinga. Anayebaki na mifugo ni mtoto mdogo sana, au kibarua kutoka mbali asiyewajua ng'ombe. Mtoto akigundua jioni kwamba mmoja hayupo, anaogopa kusema. Anasema asubuhi.

Watafiti waliochapisha mwaka 2007 kazi yao kuhusu maeneo ya wafugaji Kenya walikuta jambo ambalo mama yeyote wa Kimasai angewaambia bure, ingawa ni vizuri limepimwa: mchana hatari ni ndogo pale kundi likiwa si kubwa, likiwa na mchungaji pamoja na mbwa, na likichungwa mahali peupe badala ya vichakani. Usiku ni ukuta mnene, malango machache, watu na mbwa ndani ya boma. Sisi tumefanya nusu ya pili tu.

Colorado nako: mwanzoni mwa mwezi huu wamethibitisha ndama wa kwanza aliyeuawa na mbwa mwitu walioachiwa Desemba. Wafugaji wanadai, pamoja na mengine, watu wa kuzunguka malishoni wakiwa juu ya farasi, kukaa na ng'ombe na kuonekana. Nikawaza kwamba wanatafuta kwa fedha nyingi mtu wa kufanya kazi ambayo layoni aliifanya bila mshahara, na sisi tunampoteza mtu huyohuyo bila hata kuandika kwenye bajeti kwamba alikuwepo.

Juni 2024

Mvua imekata, nyumbu wamerudi upande wa mto, matukio yamepungua. Huu ndio muda wa kujaribu vitu.

Kengele kwanza. Si kwamba simba anaogopa kengele. Ni kwamba mtoto anaweza kumtafuta kwa sikio ng'ombe aliyeingia vichakani, na ukimya unamshtua mapema. Kila kundi linapata kengele kwa wale wanaopenda kujitenga, na kila mwenye kundi anawajua ni akina nani.

Pili, mbwa. Mbwa wa huku hapambani na simba na wala hatumtaki apambane. Anabweka, basi. Lakini mbwa wengi zaidi maana yake ni chanjo zaidi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa nyumbani walihusishwa na kuenea kwake. Kwa hiyo hakuna boma litakalohesabiwa kuwa na mbwa wa mradi kama mbwa hajachanjwa distempa na kichaa. Afisa mifugo wa kata amekubali, tukimpa mafuta ya pikipiki.

Tatu, macho. Botswana, karibu na Okavango, watafiti waliwachora ng'ombe macho makubwa kwenye makalio, kwa sababu simba na chui ni wanyama wa kuvizia na wanaacha wakihisi wameonekana. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, hakuna ng'ombe aliyechorwa macho aliyeuawa na simba au chui, wakati katika wale 835 wasiochorwa kitu waliuawa 15. Niliwaonyesha wazee picha. Kicheko kilichotokea sijawahi kukisikia kwenye kikao cha mradi. Mama mmoja alisema afadhali simba amle ng'ombe kuliko majirani waone amevaa macho. Kisha mtu akauliza rangi inadumu muda gani, na nilipojibu kwamba ni kupaka upya mara kwa mara, ajenda ikafungwa yenyewe. Sijaitoa kwenye orodha.

Nne ni jambo la Idaho, jimbo jingine la Marekani, ambako mbwa mwitu walirudishwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996. Wafugaji wa kondoo wa bonde la Wood River wana mradi wa tangu 2008 unaotumia wachungaji, mbwa wakubwa wa ulinzi, taa, kelele na kamba zenye bendera nyekundu zinazopepea. Baada ya miaka saba walikuta hasara ya kondoo kwa mbwa mwitu nje ya eneo la mradi ni mara tatu na nusu ya ile ya ndani. Vijana walitaka tununue bendera kesho yake. Mimi nimewaomba wasubiri. Bendera zile zinamfaa mbwa mwitu, ambaye huogopa kitu kigeni kinachopepea, na hata yeye katika majaribio alianza kuzivuka baada ya kama miezi miwili. Kilichonivutia Idaho ni kwamba vifaa vyote vile vinashikwa na mtu anayelala na kondoo, anayevihamisha usiku kulingana na alichokiona mchana.

Agosti 2024

Kikosi cha kutafuta waliopotea kimeanza katika kitongoji kimoja. Wanaume wawili, waliokuwa morani wa kusifika, wana tochi, simu na posho ndogo. Kanuni ni mbili: mifugo inahesabiwa langoni jioni, na mtoto anayesema mapema kwamba mmoja hayupo haadhibiwi. Laigwanani alilitangaza hilo mbele ya wazazi wote. Hii ya pili ilichukua vikao vingi kuliko ununuzi wa wavu.

Juma lililopita walimfuata mtamba mmoja kwa nyayo hadi usiku wa manane na kumkuta amesimama kwenye kichuguu, fisi wakiwa wameanza kumzunguka. Walimrudisha akiwa na jeraha la mguu. Mwenye ng'ombe alitoa mbuzi. Posho yetu ya mwezi mzima haifiki bei ya mtamba yule.

Kuhusu kifuta jasho na kifuta machozi, watu wanaendelea kuniuliza kana kwamba nina ufunguo wa hazina. Kwa kanuni za mwaka 2011 malipo hayo ni mkono wa pole kutoka serikalini, hayakukusudiwa kufikia bei ya mnyama. Fomu inatoka kwa mtendaji wa kijiji, inakwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, inaendelea hadi wizarani. Tunasaidia kujaza na kupiga picha ushahidi ungali mbichi. Zaidi ya hapo siahidi kitu, na nimewakataza vijana wetu kuahidi.

Septemba 2024

Colorado wamelikamata kundi walilolipa jina la Copper Creek, wazazi na watoto wao wanne, baada ya kuua mifugo mara kwa mara katika Kaunti ya Grand. Dume lilikufa muda mfupi baada ya kukamatwa. Wazee waliponiuliza ng'ombe wa pale sasa wanalala wapi, nikawaambia palepale.

Huku kiangazi kinaelekea mwisho. Tumeanza tena kukata nguzo kwa maboma yaliyobaki. Kwenye maboma ya mwaka jana tembo wamevunja matawi sehemu mbili, wanaipenda sana miti hii, lakini mashina yamebaki ardhini na yatachipua. Misumari iliyopigwa kwa kukaza sana imeanza kumezwa na gome. Fundi anailegeza sasa kabla waya haujakatika.

Oktoba 2024

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu na kwa mara ya kwanza tuligawanyika.

Fedha iliyobaki imeandikwa kwa ajili ya wavu. Mimi nimependekeza sehemu yake ihamie kwenye vikosi vya kutafuta, kengele, chanjo ya mbwa, na posho kwa wachungaji watu wazima miezi ya mvua. Mhasibu ana hoja: wavu ni mali, unahesabika, ukiugharamia leo upo keshokutwa, wakati posho inaliwa na mwezi ujao inadaiwa tena. Ni kweli. Pia ukuta unapigwa picha. Ng'ombe aliyehesabiwa jioni akakutwa yuko sawa hana picha ya kumpelekea mtu Ulaya. Lakini daftari linasema hasara iko wapi, na sijui namna ya kuandika ripoti ya mwaka ya pili inayosifu kuta wakati wanaokufa wanafia nje ya kuta.

Mwenyekiti wa kijiji alikataa kuunga mkono upande wowote. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27 Novemba na hataki asikike akiahidi posho.

Waliotuvusha ni akina mama. Walisema mfadhili aandikiwe barua aombwe, lakini mvua haitangoji jibu lake, kwa hiyo mwezi wa kwanza wachange wenye maboma kwa idadi ya ng'ombe, na asiyechanga kikosi kisimtafutie. Wazee wawili walinuna. Azimio likapita. Tumerekebisha kipengele kimoja tu: mjane na mwenye ng'ombe chini ya watano watatafutiwa bila kuchanga.

Barua kwa mfadhili imekwenda Ijumaa, ikiwa na nakala za kurasa za daftari. Wavu uliopo stoo unatosha maboma yaliyokwisha kuchimbia nguzo, na hayo tunayamaliza kama tulivyoahidi. Kengele zimeagizwa Arusha. Kitongoji cha pili kinaanza na kikosi chake Jumatatu, na mmoja wa watakaolipwa ni yule mzee wa maksai na mtamba, ambaye amesema magoti yake hayafai kukimbia lakini anayajua makorongo yote na atakuwa anapokea simu.